Kufunga barabara ya kijijini kwa matengenezo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa watendaji wa vijiji na kata, madiwani, wasimamizi wa kazi wa wakandarasi, na kila anayetegemea barabara moja ya vumbi kufika zahanati, gulioni na shuleni. Yanahusu Tanzania Bara. Mjini barabara ikifungwa dereva anapita mtaa wa pili. Kijijini mara nyingi mtaa wa pili haupo, na mzunguko unaweza kuwa wa kilomita 40 kupitia kata nyingine. Ndiyo maana taarifa iliyochelewa siku moja huku ina madhara ambayo mjini isingekuwa nayo.

## Mambo ya msingi

Barabara ya kijijini kwetu iko chini ya nani?

Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na mpaka leo watu wengi bado wanapeleka malalamiko kwa mhandisi wa halmashauri. Barua inakaa pale wiki mbili kabla ya kuelekezwa kwingine. Nenda moja kwa moja kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Kama barabara yako inaunganisha makao makuu ya wilaya mbili, uliza kwanza TANROADS mkoa, kwa kuwa huenda ni ya mkoa. Njia za ndani ya mashamba makubwa na hifadhi zina wenyewe, na haziingii katika mipango ya wakala hizi mbili.

Nani ana mamlaka ya kufunga barabara?

Ni wakala wenye barabara, kwa kushirikiana na polisi na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkandarasi hana mamlaka hayo. Anaomba, anapewa kibali chenye tarehe, naye anafunga kwa mujibu wa kibali. Mwenyekiti wa kijiji pia hawezi kufunga barabara ya umma kwa uamuzi wa serikali ya kijiji, isipokuwa pale penye hatari ya papo hapo (tazama swali la mafuriko hapa chini).

Ukikuta kizuizi na mafundi hawana kibali wala bango la mradi, mjulishe mtendaji wa kata siku hiyo hiyo.

Kazi zipi zinalazimu kufunga kabisa, na zipi hazilazimu?

Kuchonga kwa greda hakuhitaji kufunga. Magari yanasubiri dakika chache, yanapita. Kufyeka na kuzibua mitaro vilevile.

Kumwaga na kushindilia changarawe kunaweza kufanywa nusu kwa nusu kama barabara ina upana wa mita 5 au zaidi. Upande mmoja unamwagwa, mwingine unapitisha magari, na watu wawili wenye bendera wanasimama, mmoja kila mwisho. Tatizo huja mkandarasi anapomwaga vifusi vya kilomita 3 nzima kwa siku moja ili malori yasikae bure, halafu greda inafika kesho kutwa. Hapo barabara imefungwa hata kama hakuna aliyeitangaza. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba hakimwagwi kifusi zaidi ya kile kitakachosambazwa na kushindiliwa siku hiyo.

Kalavati la bomba linafunga barabara, lakini si kwa muda mrefu kama wengi wanavyozoeshwa kuamini. Kwa mstari mmoja wa mabomba ya kipenyo cha sentimita 60 au 90, kukiwa na kijiko na mafundi wanaoijua kazi, mtaro unachimbwa, kitako kinatandikwa, mabomba yanapangwa, na udongo unarudishwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Jioni ya siku ya pili magari madogo yanaweza kupita huku kuta za mawe za mdomoni zikiendelea kujengwa pembeni. Juu ya bomba pabaki udongo ulioshindiliwa wa angalau sentimita 60. Chini ya hapo, lori la kwanza lenye mzigo litalipasua.

Kinachogeuza siku mbili kuwa wiki tatu ni kuchimba kabla vifaa havijafika. Hili tunalisisitiza kuliko jambo lolote katika ukurasa huu: kijiko kisiguse barabara mpaka mabomba, saruji, mawe, mchanga na mashine ya kushindilia viwe vimefika eneo la kazi na vimehesabiwa. Mtendaji wa kijiji ana haki ya kwenda kuhesabu. Barabara ya mita 6 yenye mabega inataka mabomba ya mita moja yapatayo 7 au 8. Ukikuta matano, uliza kabla shimo halijachimbwa.

Drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake), boksi kalavati na daraja vinafunga kwa wiki kadhaa, na haviwezekani bila mchepuko.

Taarifa itolewe siku ngapi kabla?

Tunashauri hivi: siku 14 kabla kwa barua kwa watendaji wa kata zote ambazo magari yake hupita pale, hata kama kazi haifanyiki kwao, siku 7 kabla kwa matangazo ya hadhara, na saa 48 kabla kwa uthibitisho kwamba tarehe haijabadilika. Huo uthibitisho ndio unaosahaulika. Watu wakishajipanga kwa Jumatatu na mkandarasi akaja Alhamisi, safari ijayo hawatalisikiliza tangazo lenu.

## Kupanga tarehe

Kwa nini barabara zetu hutengenezwa mvua zikiwa zinaanza?

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Zabuni inapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, mikataba inasainiwa, mkandarasi anahamisha mitambo, na kufika Oktoba au Novemba vuli imeingia. Maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Lindi, Mtwara, Ruvuma na Dodoma, yana nafasi kidogo zaidi, lakini nayo inaisha ifikapo Desemba.

Changarawe iliyoshindiliwa ikiwa imelowa kupita kiasi haishikani. Ikiwa kavu mno pia haishikani, ndiyo sababu unaliona boza la maji likitangulia mbele ya mashine. Mvua ikishakolea, hakuna namna ya kuudhibiti unyevu huo, na kazi ya Desemba huwa imerudi matopeni Aprili.

Mnachoweza kufanya kijijini ni kuwahi. Taarifa za sehemu korofi zifike TARURA wakati bajeti inaandaliwa, miezi kadhaa kabla ya Julai, zikiwa na jina la eneo, umbali kutoka njia panda inayojulikana, na picha iliyopigwa wakati wa masika. Picha ya shimo kavu la Agosti haimwonyeshi mtu maji yanakopita.

Tuangalie nini kwenye kalenda kabla ya kukubali tarehe?

Siku ya gulio au mnada kwanza. Kama gulio ni Jumatano, kazi ya siku mbili ianze Alhamisi. Halafu siku za kliniki ya watoto katika zahanati, na siku ambazo dawa huletwa. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba. Wiki hizo msifunge njia inayofika kituo cha mtihani.

Mazao yana kalenda yake, na hapa lazima mmsikilize mkulima kuliko mtu wa ofisini. Korosho za kusini zinatoka kati ya Oktoba na Desemba, na ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) lisilofikika ni mnada uliopotea. Hata hivyo korosho inaweza kusubiri siku tatu ghalani. Majani mabichi ya chai ya Njombe na Mufindi hayasubiri. Yanatakiwa kiwandani siku yaliyochumwa. Maziwa hayasubiri hata nusu siku kama hakuna tangi la kupozea. Kwa barabara za chai na maziwa, ombeni kufunga kwa vipindi: kwa mfano saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, baada ya maziwa ya asubuhi kupita na kabla ya lori la majani la jioni. Mkandarasi atalalamika kwamba anapoteza muda. Ni kweli anapoteza, kwa hiyo liandikwe kwenye masharti kabla hajaweka bei.

Barabara mbili za kata moja zinaweza kufungwa kwa wakati mmoja?

Hapana, kama moja ndiyo njia ya kuzungukia nyingine. Hutokea mara nyingi TANROADS inapofanya kazi kwenye barabara ya mkoa na TARURA kwenye ya wilaya, kila mmoja na mpango wake. Wakala hizi mbili hukutana katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Mkoa, lakini tarehe za kalavati moja hazifiki ngazi ile. Anayeweza kuligundua hilo ni mtendaji wa kata, maana barua zote mbili zinapita mezani kwake. Akiona zinagongana, apige simu kwa mameneja wote wawili siku hiyo hiyo.

Mradi wa maji unataka kukata barabara iliyotengenezwa juzi. Tufanye nini?

Hili linaumiza kwa sababu lingeepukika. Kabla changarawe haijamwagwa, RUWASA (wakala wa maji vijijini), TANESCO na wenye nyaya za mawasiliano waulizwe kwa barua: kuna kinachovuka hapa ndani ya miaka miwili ijayo? Kama kipo, lilazwe bomba tupu la kupitishia sasa, angalau mita moja chini ya uso wa barabara, na sehemu lilipo iwekewe alama pembeni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kukata upya.

Kama barabara imekwisha, anayekata aombe kibali TARURA, akate nusu kwa nusu, na arudishe udongo kwa tabaka za sentimita 15. Mtaro uliofukiwa kwa mkupuo mmoja hutitia mvua za kwanza na kuacha bonde linalovunja springi za magari.

## Matangazo na vibao

Tangazo liandikwe nini?

Mambo matano: wapi hadi wapi, lini hadi lini, nani hawezi kupita, apite wapi, na ampigie nani. Mfano:

*Barabara ya Kijiji A hadi Kijiji B, kuanzia njia panda ya shule ya msingi hadi daraja la mbao, ITAFUNGWA Jumatatu 4 Agosti saa 1 asubuhi hadi Jumatano 6 Agosti saa 12 jioni. Magari yote hayatapita. Pikipiki na waenda kwa miguu watapita pembeni. Magari yapite njia ya mnadani, kilomita 18. Magari ya zaidi ya tani 10 yasipite njia hiyo. Dharura: mtendaji wa kijiji, au msimamizi wa kazi* (namba zote mbili ziandikwe).

Saa iandikwe kwa maneno ya hapa, "saa 1 asubuhi". Tangazo lenye "07:00" limewahi kusomwa saa saba mchana na watu wazima wenye akili zao.

Lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, lipigiwe mbiu kila kitongoji, liende kwenye makundi ya simu ya bodaboda na madereva wa Noah, na lisomwe kwa kipaza sauti kwenye gulio la mwisho kabla ya kufunga. Kama kuna redio jamii, itumieni. Mkutano mkuu wa kijiji unafaa kwa kazi za wiki nyingi, lakini hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo msiutegemee kwa kalavati moja.

Kibao cha "barabara imefungwa" kiwekwe wapi?

Kwenye njia panda ya mwisho ambapo dereva bado anaweza kuchagua njia nyingine. Kibao kilichowekwa mbele ya shimo kinamzuia asitumbukie, na hicho nacho ni cha lazima, lakini hakimsaidii dereva wa Fuso aliyebeba tani 8 za mahindi na kusafiri kilomita 15 kwenye njia isiyo na pa kugeuzia. Atarudi kinyumenyume, au ataamua kupita shambani kwa mtu.

Kwa hiyo vibao ni seti mbili. Ya kwanza, njia panda za pande zote mbili, ikisema imefungwa kilomita ngapi mbele na njia mbadala ni ipi. Ya pili, karibu na kazi: mita 200 kabla, mita 100 kabla, kisha kizuizi chenyewe. Penye kona au mteremko, kibao cha kwanza kisogezwe nyuma mpaka kionekane kabla ya kona.

Vibao vya chuma vinaibwa. Mbadala wake ni nini?

Nguzo za miti na ubao uliopakwa rangi. Chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mapipa yajazwe mchanga au udongo, yapakwe mistari myekundu na myeupe, na yatobolewe matundu ili yasiwe na thamani ya kuwekea maji. Mlinzi wa usiku awe mtu wa kitongoji kile kile.

Matawi ya miti barabarani kila dereva anayajua maana yake na yanafaa kwa saa chache za mwanzo. Mawe makubwa yasitumike. Usiku hayaonekani, na kazi ikiisha hakuna anayekumbuka kuyaondoa.

Usiku je?

Kila kizuizi kiwe na kitu kinachorudisha mwanga na taa inayowaka, hata ndogo ya sola. Bodaboda wengi hutembea na taa dhaifu, na shimo la kalavati lenye kina cha mita moja na nusu linaua. Kama hakuna taa, basi mlinzi mwenye tochi, au shimo lifukiwe kabla ya giza.

## Mchepuko na mashamba

Mchepuko unaofaa ukoje?

Upana wa mita 4 wenye sehemu za kupishania, kila moja ikionekana kutoka nyingine. Majani na udongo wa juu vikwanguliwe na kuwekwa kando ili virudishwe mwishoni. Panapopita maji pawekwe bomba la muda. Kosa kubwa ni kupitisha mchepuko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi. Ukiwa mkavu unaonekana imara kabisa, lakini mvua ya nusu saa inaufunga kwa magari yote. Kama hakuna njia nyingine, wekeni mawe chini na changarawe juu, au msianze kazi mpaka kiangazi.

Njia mbadala ya mbali nayo ikaguliwe kabla. Daraja la mbao lililopitisha pikipiki miaka kumi likianza kupitisha malori ya kata nzima, litavunjika siku ya pili.

Mchepuko umepita shambani kwangu. Nina haki gani?

Usikubali kwa mdomo. Yaandikwe makubaliano yenye vipimo vya eneo, mazao yaliyopo, malipo, muda, na ahadi ya kurudisha ardhi ilivyokuwa. Yasainiwe na wewe, mkandarasi na mtendaji wa kijiji. Pigeni picha kabla. Mwishoni udongo ulioshindiliwa na magari ulimwe tena kwa kina na udongo wa juu urudishwe, la sivyo mahindi ya msimu ujao yatadumaa kwenye mstari ule ule.

Hili ni tofauti na alama za X kwenye nyumba. Hizo zinahusu hifadhi ya kudumu ya barabara kuu na za mkoa, ambayo Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya hifadhi, halipwi. X ya kijani ni kwa aliyekutwa na upanuzi, huyo anastahili fidia.

## Wagonjwa, wanafunzi, mifugo

Mama akishikwa na uchungu barabara ikiwa imefungwa?

Hili lipangwe kabla, jina kwa jina. Muuguzi wa zahanati anayo orodha ya wajawazito wanaokaribia kujifungua. Wale wanaotarajia ndani ya siku za kufunga, hasa wenye mimba za hatari, wahamie upande wa kituo cha afya kabla kazi haijaanza.

Namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, haina malipo. Waratibu wake wajulishwe tarehe, mahali hasa palipofungwa, na njia mbadala, ili gari lisitumwe kwenye shimo. Katika siku zote za kufunga liwepo gari moja kila upande, na katikati njia ya miguu yenye upana wa kupitisha machela na watu wanne, yaani mita moja na nusu. Mbao mbili zilizotupwa juu ya mtaro hazitoshi. Wekeni daraja la mbao lenye kishikio, na lijaribiwe usiku kwa tochi.

Bodaboda waruhusiwe kupita?

Waachieni njia pembeni, na wasukume pikipiki badala ya kuendesha penye mtaro wazi. Wasipoachiwa watajitengenezea yao, mara nyingi juu ya zege bichi.

Wanafunzi na mifugo?

Wanafunzi watumie njia ya miguu ile ile, na kijiko kisimame wanapopita asubuhi na mchana. Kwa mifugo, wafugaji waambiwe mapema pa kuvukia kwenda malamboni. Ng'ombe mia moja wakipita juu ya tuta lililoshindiliwa jana, kazi inarudiwa.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Zege limekauka, kwa nini drifti bado imefungwa?

Zege kukauka juu na kupata nguvu ni mambo mawili. Siku ya 7 huwa limefika kama theluthi mbili za nguvu yake, na kipimo cha nguvu kamili huchukuliwa siku ya 28. Siku za mwanzo limwagiliwe bila kukosa, likifunikwa na magunia au mchanga mbichi. Lori lenye mzigo likipita mapema, nyufa hazionekani siku hiyo. Zinaonekana masika, maji yakishaingia na kufikia nondo. Tunajua shinikizo la kufungua linavyokuwa kubwa. Magari madogo na malori yasifunguliwe njia siku ile ile. Mhandisi aandike tarehe mbili tofauti.

Mkandarasi ameondoka na shimo limebaki wazi.

Piga picha yenye tarehe, pamoja na bango la mradi. Mtendaji wa kata aandike kwa Meneja wa TARURA, nakala kwa diwani na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiomba mambo mawili tofauti: ulinzi wa shimo leo, na kazi kuendelea. Msiyachanganye, maana la pili linaweza kuchukua miezi. Kazi iliyokamilika ikaharibika mapema ni suala jingine. Mkataba huwa na kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi 6 hadi 12, ambamo mkandarasi hurekebisha kwa gharama yake. Ulizeni kinaisha lini.

Mafuriko yamekata barabara usiku. Tunaweza kufunga wenyewe?

Ndiyo, na mfunge mara moja, pande zote mbili. Wekeni matawi, taa na watu, halafu mpige simu polisi (112), mtendaji wa kata na TARURA au TANROADS. Msijaribu kina kwa gari. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Hata yakipungua, tuta linaweza kuwa limeliwa kwa chini na juu likaonekana zima. Ligongwe kwa mti mrefu kabla mtu hajapita.

Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, mikoa ya kusini ilipoteza njia yake kuu kwa siku kadhaa. Kama kijiji chenu kinategemea njia moja, zahanati na maduka yawe na akiba kabla ya masika.

Tunataka kufanya msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea) kuziba mashimo. Tunahitaji ruhusa?

Mwambieni Meneja wa TARURA kwanza. Kufyeka na kuzibua mitaro hakuna shida. Kujaza mashimo kwa udongo wa mfinyanzi au takataka za ujenzi kunaharibu zaidi. Tumieni changarawe, mwagieni maji, shindilieni, na katikati pabaki juu kuliko pembeni. Mtu mwenye bendera asimame kila upande.

Barabara inapita wilaya mbili na kazi iko ng'ambo ya mpaka.

Wilaya ya jirani mara nyingi haina sababu ya kuwakumbuka. Mtendaji wa kata ya mpakani awe na namba ya mwenzake, na kila Julai waulizane kazi zilizopangwa.

Barabara imefunguliwa. Tukague nini?

Vibao vya njia panda viondolewe siku hiyo hiyo, vyote. Kibao kilichosahaulika kinawafundisha madereva kuvipuuza. Mabaki ya vifusi yasizibe mtaro. Mdomo wa kalavati uwe wazi pande zote mbili. Mchepuko ufungwe kwa tuta na shamba lirudishwe. Kisha, baada ya mvua kubwa ya kwanza, mtu aende akaangalie maji yanapita wapi, na picha zitumwe kwa meneja kipindi cha uangalizi kikiwa hakijaisha.